Majina Matatu ya Jicho Moja

Tarehe 3, mwezi wa pili

Mwanangu, kifungua mimba wangu,

Mimi baba yako nina miaka sabini na minane. Nimezika wenyeviti wanne wa mtaa, madaktari wawili walioniambia niache chumvi, na kila mwanamume aliyewahi kutangaza kwamba atafungua duka la kinyozi anishinde. Mama yako naye nimemzika, Mungu amrehemu, ila huyo simhesabu, maana hakushindana nami, alinishinda tu. Sasa niambie, mtu wa namna hiyo atashindwaje na foleni?

Marahaba. Najua huko uliko umeshaniamkia, naitikia mapema tusipoteze karatasi.

Jicho la kulia limefunga duka. La kushoto linafungua asubuhi, ikifika saa sita nalo linafunga. Watu nawaona kama waliomo ndani ya chupa ya mafuta ya taa. Barua hii naiandika kwa kalamu nene ya kuandikia magunia, kaniazima mama muuza mkaa, ndiyo maana maneno machache yamekula kurasa nne. Usinicheke. Shule niliisoma madarasa mawili, na la pili nililisomea dirishani nimefukuzwa. Simu sitaki. Simu inakatika mtu hajakasirika vizuri.

Kazi naendelea nayo. Juzi nimemnyoa fundi cherehani akaondoka kimya, hata kioo hakutazama, kwa jinsi anavyoniamini. Kuhusu sikio lake usisikilize watu. Lilikuwa hivyo tangu zamani.

Sasa nakuja kwenye jambo. Wewe ndiye muuguzi unayepanga orodha ya operesheni za macho hapo hospitali ya rufaa, mji mzima unajua. Mimi nimo humo tangu mwaka juzi. Mbuzi wa jirani amezaa, mtoto wake naye amezaa, mimi na mtoto wangu wa jicho tuko palepale. Chukua kalamu, mtoe mmoja hapo juu, uniweke mimi. Nani atajua? Aliyesema haraka haraka haina baraka macho yake yalikuwa mazima.

Jibu mpe dereva wa gari la hospitali, ananijua.

Ni mimi baba yako,
Wembe


11 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, hata kama umeshaitikia.

Barua yako nimeisomea koridoni nimesimama, nikacheka mpaka mfagiaji wetu akaniuliza kama nimepata mchumba. Nikamwambia nimepata, ana miaka sabini na minane na ana kiburi.

Jibu ni hapana, baba. Hapo juu unapotaka nimtoe mtu kuna mama ambaye hajauona uso wa mjukuu wake tangu azaliwe. Chini yake yuko fundi baiskeli anayetafuta spoku kwa ncha ya ulimi. Nimtoe yupi? Mchague wewe, nami nitamwandikia kwamba Mzee Wembe kasema usubiri.

Lakini usidhani sina wasiwasi. Faili lako nimelisoma. Hilo jicho la kulia likiachwa mwaka mwingine linaweza kuharibika kwa ndani, na hapo hata daktari hataweza kulirudisha.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Mji wenu mdogo umetuletea majina mengi kuliko miji miwili mikubwa. Kila Jumanne gari letu linakuja hapo kuchukua wagonjwa, muuguzi anaita, na karibu nusu hawaitikii. Hatuwezi kupakia yeyote aliye karibu, maana kila mgonjwa ana faili lake na lenzi iliyopimwa kwa jicho lake. Gari linarudi na viti vitupu. Daktari amenawa, amevaa glavu, anakaa kutazama ukuta. Mganga mkuu amesema mwezi wa nne ukiisha hali ikiwa hivi, gari na hiyo siku ya Jumanne watapewa mji mwingine. Hapo, baba, foleni yako haitakuwa ndefu tena. Haitakuwepo.

Mimi nimewatetea. Nimesema watu wa kwetu ni waoga wa kisu, nimesema hawana wa kuwasindikiza. Ila sina hakika. Wewe nusu ya vichwa vya mji vinapita mikononi mwako, na mtu akiinamishwa kichwa husema yote. Nisikilizie. Kwa nini hawaji?

Binti yako


Tarehe 19, mwezi wa pili

Mwanangu,

Marahaba. Hapana yako nimeisoma, nimeikunja, nimeikalia.

Umefanya vizuri kuniuliza mimi. Sababu ni moja tu, woga. Wanaume wa siku hizi wakisikia kisu wanakumbuka safari. Sisi tuling'olewa meno kwa koleo la fundi gari na tukalipa tukitabasamu.

Hata Jumanne hii nimeyaona kwa macho yangu, yaani kwa hilo moja lililokuwa bado halijafunga. Nilikwenda zahanati ya kituo cha mabasi, nikakaa benchi la mbele. Muuguzi akaita jina. Kimya. Akaita tena. Kimya. Mara ya tatu damu ikanichemka, nikasimama. "Nani huyo?" nikasema. "Watu tunaoza kwenye foleni, yeye kalala! Asiyekuwepo na lake halipo! Ondoeni gari!"

Benchi zima likapiga makofi. Muuza mkaa akasema, "Mwambie, Wembe!" Nikasema tena. Gari likaondoka na kiti kitupu, ila heshima yenu nimeilinda. Mwambie mganga mkuu mnaye mtu huku.

Kuhusu mimi usijisumbue. Umekataa kunisogeza, sawa. Baba yako hajawahi kutega mtego mmoja.

Wembe


26 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo.

Nina swali moja. Jina lililoitwa Jumanne ile nimelitafuta kwenye mafaili. Ni jina la babu yako mzaa baba, lote mpaka la ukoo. Ameandikishwa ana miaka tisini na mmoja. Anakaa nyuma ya kituo cha mabasi, mlango wa buluu wenye bawaba moja.

Baba, huo mlango ni wako.

Kuna ndugu yetu amekuja kukaa kwako nawe hukuniambia? Kama yupo, mwambie lenzi yake ilikuwa tayari, na daktari alimsubiri mpaka saa tisa. Na kwa kuwa hakuitikia, amerudishwa nyuma kwenye orodha.

Naomba jibu la kweli.

Binti yako


Tarehe 4, mwezi wa tatu

Mwanangu,

Marahaba.

Huyo ndugu simjui. Majina duniani yanafanana, na bawaba zinakatika kwa watu wote.

Mvua imenyesha. Fundi cherehani hajambo, sikio linapona, yaani liko kama lilivyokuwa. Nakatisha hapa, wateja wamejaa.

Wembe

Nimesahau. Hiyo lenzi ya huyo mtu nisiyemjua, mnaitupa au mnamwekea?


12 Machi

Baba,

Shikamoo.

Muuza mkaa wako amefanyiwa operesheni juzi. Jana tulipomfungua bandeji alitazama dari, akatazama vidole vyake, akafurahi, halafu akaniuliza: "Sasa yale majina yangu mengine mawili nayafanyaje? Naweza kumpa shemeji?"

Nikamwuliza, majina gani?

Akanishangaa. "Mama muuguzi, si Wembe ndiye aliyetufundisha sote? Zahanati ya sokoni unaandikisha jina lako. Ya kituo cha mabasi unaandikisha jina la babu. Kituo cha afya kule kilimani unaandikisha jina la utani. Alisema ukitega mitego mitatu ndege hakukosi. Hata mpimaji alishaniambia, mama, macho yako kama nimewahi kuyaona mahali."

Basi ndiyo hayo, baba. Mtu mmoja akishaitwa na kutibiwa, wale wenzake wawili wanabaki kwenye orodha, wanaitwa, hawaitikii, na daktari anatazama ukuta. Mji wenu hauna waoga. Una watu watatu ndani ya kila shati, na mwalimu wao ni wewe. Orodha inayokuzuia kuona umeirefusha kwa mdomo wako mwenyewe, kichwa kimoja baada ya kingine.

Mshika mawili moja humponyoka. Wewe ulishika matatu, na moja lilikuponyoka ukiwa umekaa benchi la mbele, umelisahau kuwa ni lako, ukalizomea.

Wiki zote hizi nimesimama mbele ya mganga mkuu nikiwatetea watu ambao hawapo. Ungekuwa si baba yangu ningejua la kusema. Kwa kuwa ni baba yangu, nasema tena shikamoo, na nafunga barua.

Binti yako


Tarehe 2, mwezi wa nne

Mwanangu,

Marahaba, zote mbili.

Barua yako nimesomewa, maana jicho la kushoto sasa linafungua saa moja, saa mbili linafunga. Kanisomea fundi cherehani. Kaisoma kwa furaha isiyo na ulazima, na pale pa kuzomea karudia mara mbili akidai mwandiko haukueleweka. Hii naandika kwa kufuata uzi alioutandaza juu ya karatasi. Nikivuka uzi ananipiga kidole.

Kwanza, sikusema hayo. Pili, kama nilisema, niliwaambia werevu wachache, na kosa ni lao kuwaambia wajinga.

Tatu, jambo lenyewe nimeshalimaliza. Sikiliza nilivyofanya, maana hakuna daktari angeweza.

Mtu anakuja, anakaa kitini. Namfunga shuka. Nanyoa upande wa kushoto, kwa mashine, wembe nimeupumzisha kidogo. Upande wa kushoto ukiisha nazima mashine, naikalia. Namwuliza, "Kwa muuguzi una majina mangapi?"

Wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Akasema, "Wembe, mimi mtu wa heshima. Nina jina moja."

Nikamwambia, "Basi nenda na heshima yako, nusu."

"Maliza kichwa!"

"Maliza majina!"

"Kesho namwoza binti yangu!"

"Kaa upande wa kushoto wa ukumbi, watakuona umependeza."

Mwanangu, alitoka mbio na shuka langu shingoni, nusu upara nusu msitu, watoto nyuma yake, mpaka zahanati ya kituo cha mabasi, na kule kilimani. Akafuta mawili yake na moja la mkewe ambalo hata sikuliuliza. Tangu siku hiyo wanakuja wameshafuta, wanaingia mlangoni wakisema "Moja, Wembe, ninalo moja!" kabla ya hodi. Wanawake kawashika muuza mkaa. Yeye hana mashine ila ana mdomo, na sasa anaona mpaka aliyejificha nyuma ya pazia.

Sheria hapa kwangu ni kichwa kimoja, jina moja. Mwambie mganga mkuu. Sitaki cheti, ila akitoa nitakitundika.

Wembe


10 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo.

Nilikuwa nimeapa kukukasirikia mpaka mwezi wa tano. Nimeshindwa. Habari za mwalimu mkuu nimemsomea daktari akiwa amevaa glavu, akajishika uso kwa kicheko, ikabidi anawe upya.

Ni kweli, baba. Orodha ya mji wenu imeshuka chini ya nusu. Jumanne hii gari lilikuja limejaa, dereva kalalamika hana pa kuweka mfuko wake. Waliokuwa wapate nafasi mwakani wanapata mwezi ujao. Mganga mkuu hautaji tena ule mji mwingine.

Limebaki jambo moja. Nyuma ya kituo cha mabasi, mlango wa buluu, bado wanaishi watu watatu. Mmoja ni wewe. Mmoja ni babu, ambaye sasa yuko chini kidogo. Mmoja anaitwa Wembe tu, na karani aliyemwandika hakuona ajabu. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi.

Futa wawili. Najua utaniuliza ni nani kati yao aliye karibu kuitwa. Sikuambii. Nikikuambia nitakuwa nimekusogeza mbele ya wengine, na hilo nilikataa tangu siku ya kwanza. Jicho lako nalipenda kuliko unavyojua, lakini siwezi.

Binti yako


Tarehe 16, mwezi wa nne

Mwanangu,

Marahaba.

Waliosema kinyozi hajinyoi hawakuwahi kuingia kwangu.

Nimekwenda kote, fundi cherehani kanishika mkono kama bibi harusi. Nimemfuta babu. Nimemfuta na Wembe, ingawa huyo ndiye anayejulikana kuliko sisi sote. Nimebaki na jina alilonipa mama yangu. Karani wa sokoni akaninong'oneza, "Mzee, mbona unabakiza hili? Hawa wengine wote wawili walikutangulia."

Fundi cherehani akanifinya. Nikamwambia karani, "Nimesikia. Acha hivyo."

Sababu ni yangu. Nikifanyiwa operesheni nikiwa babu, sifa zote zitakwenda kaburini kwake. Nataka mtu akiuliza ni nani aliyelala pale bila kutetemeka, atajwe mimi. Usije ukadhani ni kwa kukuogopa wewe, kasichana kadogo kama wewe.

Leo sijaona kitu tangu nilipoamka. Nakwambia tu. Silalamiki.

Wembe


4 Mei

Baba yangu,

Shikamoo.

Jumanne tarehe 12, asubuhi, zahanati ya sokoni, litaitwa jina lako. Sikulisogeza. Waliokuwa mbele yako wengi hawakuwepo kabisa, ndiyo maana limefika.

Njoo na mtu wa kukushika mkono. Vaa shati lenye vifungo. Ndani ya chumba nitakuwepo, ila huko wewe ni mgonjwa kama wengine na mimi ni muuguzi kama wengine, usianze kunitangaza.

Na baba, tafadhali. Likiitwa, itikia.

Binti yako


Tarehe 21, mwezi wa tano

Mwanangu,

Marahaba.

Nakuandikia habari za safari yangu ili zibaki, maana nyinyi wauguzi mnaandika joto na mapigo ya moyo tu, yaliyo muhimu mnayaacha.

Niliitikia. Muuguzi hakuwa amemaliza jina la kwanza, la pili nikamsaidia. Garini niliimba. Chumbani daktari aliniambia nisitikisike, nikamwambia mimi nimeshika wembe kwenye makoo ya watu miaka hamsini, kutulia nimfundishe yeye. Akasema sawa mzee, na mdomo nao utulie.

Kesho yake asubuhi nimeketi kitandani, daktari anafungua bandeji. Mwanga ukaingia kama mgeni asiyebisha hodi. Nikaona ukuta. Nikaona daktari mwenyewe, mdogo kuliko sauti yake. Nyuma yake nikaona mama mmoja mtu mzima amesimama, kavaa barakoa, ana miwani, mvi zimemtoka pembeni ya kofia, mabega ya mtu aliyechoka. Nikajua huyu ndiye mkuu wa wauguzi wote. Nikaona nisipoteze nafasi.

Nikamwambia, "Mama, hapa unaye binti yangu. Kasichana kembamba hivi, anapanga hiyo orodha yenu. Mwangalie vizuri. Nilimwomba anisogeze mimi baba yake, akakataa. Jicho langu linakufa na yeye anakataa, na mimi namjua, najua alikuwa analia akiandika. Nilimtukana kwa watu. Lakini huko nyumbani wakiniuliza nimepata nini maishani, sisemi kinyozi, nasema huyo. Ila usimwambie, atavimba kichwa, na kukinyoa itakuwa kazi."

Yule mama akanisogelea. Akashusha barakoa.

Sasa nakuandikia ili usije ukasambaza uongo. Nilikujua tangu mwanzo. Mzazi hawezi kumsahau mwanawe eti kwa sababu ya mvi. Nilitaka tu usikie, na ana kwa ana nisingeweza. Swali langu ni moja, umekuwa mtu mzima lini bila kuniambia? Ulikuwa ukija nyumbani kila mwaka na sauti ileile, mimi nikakuhesabia miaka kwa sauti. Pumzika mwanangu. Orodha imepungua, punguza na wewe saa.

Jicho la pili nimeshaandikisha. Jina moja. Nitasubiri.

Na ukibisha kwamba sikukutambua, mashahidi wapo. Muulize daktari, alikuwa ameshika bandeji yangu mkononi. Muulize mfagiaji wa korido, alikuwa mlangoni na ufagio wake, hakufagia kitu. Wote hao watakwambia Mzee Wembe alikaa imara. Yupo na yule bikizee wa kitanda cha dirishani anayedai alinisikia nikilia. Huyo alikuwa hajafunguliwa macho bado, ushahidi wake msiupokee.

Ni mimi baba yako